Kizingiti cha Bibi Yunis

Kwanza niwaambie kwamba Glory si mtu mbaya. Hata leo nikimsikia mtu anamsengenya pale sokoni Lushoto, namkatiza. Ni jirani yangu, ua wa michongoma tu ndio unatutenga, na kwa miaka nimemwona akimshika mkono mama mkwe wake kila asubuhi na kumtoa barazani kuota jua. Baridi ya huku mnaijua. Bila jua la asubuhi mzee hakunji vidole mpaka mchana.

Bibi Yunis alikuwa amepofuka macho yote mawili, lakini njia ya kwenda mlangoni hakuhitaji kuambiwa. Anatoka kitandani, anageukia mkono wa kulia, anafuata korido, kisha nyayo zake zinakutana na kizingiti. Kilikuwa bamba la jiwe, limelika katikati kwa miguu ya watu tangu enzi za yule Mjerumani aliyeijenga nyumba. Bibi alikuwa anavua ndala pale ili alikanyage kwa nyayo tupu. Akishalikanyaga, anacheka kidogo.

"Hapa ndipo nilipoingilia siku ya harusi yangu," anamwambia Glory, "na hapa ndipo mtakaponitolea. Sina mlango mwingine mimi."

Nyumba yenyewe ni ile kubwa ya mawe, inatazama mashariki, mlango wake wa mbele ni wa mbao za mkulo, mzito kiasi kwamba mtoto hausukumi. Baba yake Zabron aliinunua zamani. Alipofariki, Zabron, mtoto wao pekee na mume wa Glory, akaona hakuna maana watu watatu kuzunguka ndani ya nyumba kama ile. Aikate iwe fleti. Watu wanaokimbia joto la Tanga na Dar wanazitafuta kwa udi na uvumba. Bibi Yunis hakukataa. Alisema kateni, pakeni rangi, fanyeni mtakavyo, ila mlango wangu usiguswe mpaka nitoke. Zabron akamshika mama yake mikono yote miwili, akaapa mbele ya mchungaji. Mimi nilikuwepo, nilipewa na chai.

Basi bwana, ramani ilipokuja, mlango wa mbele ulikuwa unafungukia katikati ya sebule ya fleti ya kwanza.

"Tutaziba kwa ndani," Zabron alisema. "Kwa nje mlango ubaki vilevile, wateja wanapenda vitu vya kale. Sisi tutapita jikoni."

"Na mama?" Glory akauliza.

"Mama haoni, Glory. Atajuaje?"

Glory angeweza kukataa pale pale. Hakukataa. Amenieleza mwenyewe sababu, bila kujipamba: tangu aolewe hakuwahi kupika kwenye jiko lake, na Zabron alimwahidi fleti ya nyuma iwe yao wawili, na jiko jipya lenye kabati. Alilitaka lile jiko.

Kwa hiyo wakamchukua Bibi Yunis wakampeleka kwa ndugu zake kijijini Kwai akapumzike kidogo na vumbi la ujenzi. Huku nyuma fundi Selemani akang'oa lile bamba la jiwe. Hakulipenda jambo lile. Alimwambia Zabron mama yako ataligundua, Zabron akacheka, akamwambia achape kazi. Bamba likaenda kulazwa mlango wa jikoni, upande wa magharibi. Mlango wa mkulo ukafungwa kwa komeo la nje. Ndani yake ukapandishwa ukuta wa tofali, ukapigwa plasta, ukapakwa rangi nyeupe. Kati ya mlango na ukuta ikabaki nafasi ya kiganja cha mtu. Halafu wakakigeuza kitanda cha bibi, kichwani kukawa miguuni, ili akitoka na kugeukia mkono wa kulia, mguu wake umpeleke jikoni.

Jamani, mtu anawezaje kuwaza kitu kama hicho juu ya mama yake mzazi?

Bibi aliporudi, Glory alimtoa asubuhi kama kawaida. Mkono wa kulia. Korido. Nyayo zikakutana na jiwe. Bibi akasita. Akalipapasa kwa vidole vya mguu, huku na huku, akakuta lile shimo la katikati analolijua. Akacheka, lakini kicheko hakikufika mwisho.

"Leo hakuna jua?"

"Ukungu, mama," Glory akasema. "Umeshuka mpaka chini."

Hapakuwa na ukungu. Wamekaa kwenye kivuli cha nyumba yao wenyewe, na upande wa pili asubuhi inawaka. Kesho yake ukungu tena. Na kesho kutwa. Bibi wa watu anatetemeka ndani ya sweta mbili, anauliza mbona msimu huu jua linamfikia jioni, Zabron anamjibu kwa sauti ya upole kabisa kwamba ni uzee, mama, uzee unachanganya saa.

Mchana mmoja Glory alikuwa anakagua kabati zake mpya. Akasikia kitu kinaparuza. Alipofika sebule ya fleti ya kwanza alimkuta Bibi Yunis amepiga magoti mbele ya ule ukuta. Amefikaje, hajui. Viganja vyake viwili vimeegemea plasta, kucha zimejaa rangi nyeupe.

"Mlango wangu uko wapi, Glory?"

Hapo ndipo pa kusema kweli. Pale pale.

"Uko nyuma yako, mama. Umepotea tu."

Bibi akageuza uso. Macho yake meupe yakatua pale hasa alipokuwa Glory.

"Unanidanganya," akasema taratibu. Basi. Hakusema kingine kwa kinywa chake mpaka alipokufa, na hakumaliza wiki.

Walimtolea jikoni. Mimi nilikuwa nyuma ya jeneza. Vijana sita wenye nguvu, na mzee mwenyewe alikuwa mwepesi kama kuku, lakini walipofika kwenye lile bamba wote sita walisimama kama waliogota ukuta. Wakasukumana, wakaambiana tuinue, wakainua, wakapita wakitokwa jasho. Zabron aliwaambia watu ni utelezi. Jiwe lilikuwa kavu.

Ukuta ulikauka, fleti ya kwanza ikapata mpangaji. Bi Mwajuma, nesi mstaafu kutoka Tanga, mama mcheshi, mwenye kupenda uji wa pilipili manga na redio. Asubuhi moja akamfuata Glory kwenye kamba ya nguo.

"Mwenzangu, ukuta wako unabisha hodi."

"Unabisha nini?"

"Hodi! Nimekaa na uji wangu, nasikia ngo ngo ngo, hodi. Nikaitika karibu. Kimya. Halafu tena, hodi. Nikafungua mlango wangu, hakuna mtu. Nikarudi, hodi, ukutani kabisa. Sauti ya bibi kizee." Akaangua kicheko. "Nimemwambia karibu mpaka nimechoka, haingii."

Glory hakucheka. Yeye alijua yule mzee haombi kuingia.

Alimwambia Zabron. Zabron akakasirika, akasema ni bomba la maji, akaenda mwenyewe kuhakikisha. Akaweka sikio ukutani. Glory na Bi Mwajuma wamesimama mlangoni wanamtazama. Wanamwona anasikiliza. Wanamwona rangi inamtoka usoni. Alipojitoa, sikio na shavu lake vilikuwa vimelowa, na plasta ilikuwa kavu.

"Umesikia nini?" Glory akanong'ona.

"Bomba."

Siku ile ile jioni akauliza nani kaacha dirisha wazi, mbona ukungu umeingia ndani.

Hapakuwa na ukungu.

Ulikuwa unazidi kila siku, kwa yeye peke yake. Kwanza hakuiona sura ya mtu aliye mlangoni. Baadaye hakuiona sahani yake. Walikwenda hospitali, wakamulika, wakasema macho ni mazima, hayana hata doa. Glory alimpigia magoti. Ndiyo, alipiga magoti, mwanamke yule. Alimwambia, "Baba, tubomoe ukuta. Tumrudishie mama mlango wake. Nitakupoteza."

"Nikibomoa ukuta, fleti ya kwanza inakuwa korido," Zabron alijibu. "Kafa. Atataka mlango wa nini?"

Ndivyo alivyosema. Mtu haoni hata mkono wake, bado anahesabu sebule.

Ikawa sasa Glory anamshika mume wake mkono kila siku na kumtoa nje. Mkono wa kulia. Korido. Kizingiti. Zabron alikuwa havui viatu kamwe, hakutaka jiwe lile liguse ngozi yake. Anakaa pale nje ya jikoni kwenye kile kiti cha mama yake, kwenye kivuli, anatetemeka. Na alikuwa amepata tabia mpya. Ukimwambia hapa ni kiti, anakipapasa kwanza pande zote. Ukimwambia hiki ni kikombe, ananusa.

"Kweli, Glory? Hunidanganyi?"

"Kweli, baba."

Kisha anacheka kidogo. Kicheko hakifiki mwisho.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, mawingu yameanza kukusanyika. Glory alimketisha, akamfunga shuka mabegani, akakimbilia nguo kabla ya mvua. Kamba iko nyuma ya mti wa plamu, hata kuitana mnasikizana. Aliporudi na nguo begani, kiti kilikuwa kitupu. Shuka limekunjwa vizuri juu yake.

Akaita. Akaingia ndani. Koridoni akakutana na Bi Mwajuma.

"Umemwona Zabron?"

Bi Mwajuma akamwangalia ajabu. "Si umepita naye sasa hivi?"

"Nimepita na nani?"

"Na mumeo. Umemshika mkono. Nimewasalimia, hukuitika, nikasema labda amekuudhi. Umejifunika kanga mpaka machoni. Yeye alikuwa anauliza, kizingiti bado? Kizingiti bado?" Sauti ikampungua. "Glory. Ulikuwa peku."

Glory akatazama miguu yake. Alikuwa na raba za mvua.

Wakarudi mlango wa jikoni. Bamba la jiwe halipo. Pale lilipolazwa pana udongo mtupu, mkavu.

Ngo. Ngo. Ngo.

Ilitoka fleti ya kwanza.

"Hodi."

Haikuwa sauti ya bibi kizee. Ilikuwa ya Zabron.

Mayowe ya Glory ndiyo yaliyonitoa kwangu. Nilipofika alikuwa anaupiga ukuta kwa mchi wa kinu, mikono inachubuka, anasema ninakuja, baba, ninakuja. Selemani aliitwa na nyundo yake. Plasta ilikuwa nzima, haina ufa hata wa unywele. Kila nyundo ikitua, ndani mtu anabisha. Tofali la kwanza likatoka. Sauti ikakatika.

Ukuta ulishuka wote. Zabron hakuwamo. Asingeweza kuwamo, nafasi ile hata paka angebanwa. Lakini bamba la jiwe lilikuwamo. Limelala mahali pake pa zamani. Juu yake vipo viatu vya Zabron, vimepangwa sambamba, pua zake zimeelekea ndani. Na kwenye vumbi la jiwe palikuwa na alama ya mguu mdogo wa mwanamke, mtupu, unaoelekea nje. Ule mlango wa mkulo, tuliokuwa tunauona kila siku umefungwa kwa komeo la nje, ulikuwa wazi.

Nje mvua ilikuwa imeanza. Mama wa watu ameondoka, nikajua. Nikamwambia Glory sasa yamekwisha, mshukuru Mungu, tumtafute mumeo. Nilikuwa mjinga.

Koridoni, nyuma yetu, mtu alibisha ukutani kwa kiganja.

"Hodi."

Glory akageuka. Uso wake uling'aa, sitausahau. "Zabron! Mlango umefunguliwa, baba! Uko wazi! Fuata sauti yangu, njoo huku!"

Mvua tu. Halafu sauti ikaja kwa upole kabisa, karibu na sisi kiasi kwamba nilisikia joto lake shavuni.

"Unanidanganya."

Bi Mwajuma alihama kesho yake, redio kaiacha. Wapangaji wengine hawakupatikana. Glory yupo. Ndugu zake wamekuja kumchukua, amekataa. Ule mlango hafungi, usiku na mchana, mvua inaingia mpaka sebuleni. Kila akisikia hodi anaeleza njia, polepole, mkono wa kulia, korido, kizingiti. Anaapa kwa jina la Mungu. Anajibiwa neno lile lile.

Kuta amezipaka rangi nyeupe mara nyingi sana. Kila asubuhi unakuta mstari wa vidole vinne, kwenye kimo cha kifua cha mwanamume, umetoka chumba cha mwisho, umepita vyumba vyote, umekuja mpaka kwenye fremu ya mlango wa mbele. Hapo unaishia. Unaanza tena upande wa pili wa fremu, unaendelea na ukuta.

Juzi Glory aliniita nikauone. Ulikuwa na wekundu. Vidole vimeanza kulika.