NANI ALILEGEZA BREKI ZA JIPU LA BABA?

"Mama, shika vizuri!"

"Nishike nini, we mtoto? Gari lenyewe halina hata dari!"

Nikakanyaga breki tena. Pedeli ikazama hadi sakafuni, laini, kama nimekanyaga tope.

Hakuna kitu!

Mbele yetu mteremko. Chini ya mteremko njia panda. Na njia panda yenyewe imejaa watu, halafu kuna lori linakatiza polepole kama limetumwa...

Jamani, mwenzenu niliona kaburi linanikonyeza!

"Punguza mwendo!" Mama akapiga kelele.

"Breki hazipo, mama!"

"Zimekwenda wapi?!"

Nikaingiza gia ya pili kwa nguvu. Jipu likalia kama mbuzi anayeburutwa. Nikashusha hadi ya kwanza. Likatikisika mpaka meno yakagongana. Nikavuta breki ya mkono kwa nguvu za ukoo mzima!

Tukaacha barabara, tukagota kwenye lundo la kokoto mbele ya jengo linalojengwa.

Mafundi ujenzi wamesimama na makoleo yao, midomo wazi.

Mama akajipangusa vumbi begani. Akasema taratibu:

"Ningekufa na gauni hili jipya, shangazi yako angelirithi."

Nikacheka. Halafu nikalia. Halafu nikacheka tena. Mshtuko hauna adabu, wapendwa.

Sasa vuteni viti niwaambie, maana hii habari ikikaa kifuani nitapasuka!

Mimi nimesoma ufundi wa magari chuoni. Nina cheti changu, kipo ukutani, mama amekiwekea na ua la plastiki. Na baba yangu alikuwa dereva jeshini. Alipostaafu alinunua jipu kuukuu kwenye mnada wa jeshi, akalileta uani, akaapa atalifufua.

Akashindwa.

Likakaa juu ya matofali miaka na miaka. Kuku wakataga kwenye injini. Panya wakala nyaya. Majirani wakawa wanamtania: "Afande, jipu lako limeiva, unalitumbua lini?"

Na yeye kila mara anawajibu: "Hili haliponi. Hata fundi aliyeliunda akija leo, atalia."

Nikalichukua mimi.

Nilikwangua kutu mpaka vidole vikatoka ngozi. Nikashona nyaya upya, moja moja. Tangi la mafuta nikalitia kokoto na sabuni, nikalitingisha mpaka likatema uchafu wa enzi za mababu. Nikaweka mikanda, vioo vya pembeni, taa, matairi mapya. Breki nilizifungua zote nne, kila mpira nikabadilisha, kila bomba nikalifuata kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho.

Na baba je? Weee! Baba alikuwa shabiki namba moja!

Kila asubuhi ananipigia saluti mlangoni.

"Kamanda! Taarifa ya leo?"

"Injini imewaka, afande!"

"Mwanangu, wewe ni mwanaume na nusu!"

Nilikuwa navimba kichwa mpaka kofia hainienei.

Sasa kuna bosi mmoja, mama mtu mzima, anakusanya magari ya zamani ya jeshi kwa ajili ya makumbusho. Ana uwanja umejaa malori na majipu yanayongoja kufufuliwa. Nilipoenda kuomba kazi, aliniangalia juu mpaka chini, akasema:

"Vyeti ninavyo vingi kwenye kabati. Niletee gari moja lililopita kwa mkaguzi wa magari. Likipita, uwanja huu ni wako. Likifeli, kuna watu wengine kwenye foleni."

Mnaelewa? Kukaguliwa mara moja. Kupita au kukosa. Maisha yangu yote yalikuwa kwenye jipu lile!

Ndiyo ilikuwa safari yenyewe siku hiyo. Na mama akasema hawezi kukosa, akavaa gauni jipya, akapanda.

Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Wewe unakwenda wapi?" akamuuliza mama.

"Kumsindikiza mwanangu."

"Shuka. Gari bado halijakaguliwa."

"Si ndiyo linakwenda kukaguliwa?"

"Nimesema shuka, mke wangu."

"Na mimi nimesema nimeshakaa!"

Baba akafungua mdomo. Akaufunga. Akanipigia saluti, tukaondoka.

Sasa turudi kwenye kokoto.

Niliingia chini ya jipu palepale. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limelowa mafuta ya breki. Nyuma yake kuna kinati kidogo, kile tunachokifungua kutoa upepo kwenye breki. Kilikuwa kimelegezwa. Si kimelegea, KIMELEGEZWA! Kila nilipokanyaga, mafuta yakawa yanatemwa nje, mpaka yakaisha.

Na pembe za kinati zilikuwa zimeng'atwa.

Nikazitambua zile alama. Kwa sababu hili jipu ni la zamani, nati zake ni za inchi. Spana zangu ni za inchi, nilirithi kwa baba. Ukileta spana ya milimita haikai sawasawa, inang'ata pembe. Na kati ya wanaofika nyumbani kwetu, mtu mmoja tu ana spana za milimita.

Mchumba wangu.

Yeye ni fundi wa magari mapya, yale ya kompyuta. Na asubuhi hiyo alikuja mapema, eti: "Mpenzi, wewe kaoge upendeze, mimi nakuoshea gari."

Nami nikaona nimepata mume! Nikaenda kuoga naimba!

Nikampigia simu.

"Njoo. Tumepata ajali."

Alifika na pikipiki kabla sijamaliza kufuta machozi. Alipomwona mama kwenye kiti, uso ukawa kama majivu.

"Mama... na wewe ulikuwemo?"

"Kwani ulitaka niwe wapi, mkwe?"

Nikamwonyesha kile kinati.

"Hiki ni nini?"

"Kinati."

"Nani kakishika?"

"Labda... barabara mbaya, kimetikisika..."

"Barabara ina spana ya milimita?"

Akavua kofia ya pikipiki, akaivaa tena.

"Sikutaka mfe!" akalipuka. "Naapa sikutaka! Nililegeza gurudumu MOJA! Nilijua matatu yatashika, utafika vizuri, mkaguzi apime aone upande mmoja ni dhaifu, akufelishe, basi!"

Wapendwa, hapo ndipo nilipotaka kumzaba kofi.

Magari ya siku hizi mabomba ya breki yamegawanywa sehemu mbili. Moja ikivuja, nyingine inakuokoa. Lakini jipu kuukuu la jeshi lina mshipa mmoja tu! Ukitoboa popote, mafuta yote yanamwagika. Amesoma chuo kimoja na mimi, darasa moja, na hilo halijui!

"Kwa nini ulitaka nifeli?" nikamuuliza.

"Ukipata ile kazi utaondoka. Utazunguka na malori. Harusi yetu nitaisikia redioni."

"Kwa hiyo ukaona unifelishe?"

"Wazo halikuwa langu."

"La nani?"

Akamtazama mama. Akatazama chini.

"Usiniulize mimi. Kamuulize aliyeniita."

"NANI?"

"Baba yako."

Nilimcheka. Nawaambia kweli, nilimcheka usoni!

"Baba yangu? Anayenipigia saluti?"

"Aliniambia, ukimtaka binti yangu, hilo gari lisipite."

Mama hakucheka.

"Aliniambia nishuke," akasema kwa sauti ndogo. "Mara mbili. Nikakataa... akanyamaza."

Tulirudi nyumbani na bodaboda, jipu tumewaachia wale mafundi ujenzi walilinde. Tulimkuta baba uani, amekaa palepale lilipokuwa jipu, anatazama matofali.

Alipomwona mama anatembea, alishusha pumzi. Niliiona. Pumzi ya mtu aliyetua gunia.

"Mmerudi mapema. Limefeli?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Kamanda."

"Usiniite hivyo. Mkweo amesema yote."

Nilitegemea akane. Nilimwomba Mungu akane! Agombe, avunje vyombo, amwite yule kijana mwongo.

Akasema tu:

"Alikuwa alegeze kidogo."

Mama akaweka mkoba chini.

"Kidogo? Baba nanihii, kidogo? Wewe dereva wa jeshi hujui lile gari lina mshipa mmoja?"

"Najua."

"Ulimwambia kijana?"

"Hakuniuliza."

"Na mimi nilipopanda?"

Akayageukia matofali yake.

"Nakuuliza. Mimi nilipopanda, uliona aibu kusema, ukaona heri nife?"

"Mngekwenda polepole..."

"Baba, kwa nini?" nikasema.

Ndipo akanitazama. Jamani, yale macho sitayasahau. Hayakuwa ya hasira. Yalikuwa ya wivu!

"Wenzangu wote wa jeshi nimewaambia haliponi. Miaka yote. Leo binti yangu alipitishe barabarani? Watasema nini? Afande alishindwa, kasichana kakaweza?"

"Si ulikuwa unanipongeza kila siku?"

"Nilijua utashindwa. Ndiyo maana nilikupongeza."

Mama akaingia ndani, akatoka na begi dogo. Akanishika mkono.

"Twende tukamalize kazi."

"Kazi gani, mama?"

"Si ulisema kutoa upepo kwenye breki kunataka watu wawili? Mmoja chini, mmoja kwenye pedeli. Mimi nina miguu."

Basi fikirieni picha hiyo. Pembeni mwa lile jengo la kokoto, mimi nimelala chini nimepaka grisi mpaka masikioni, nimefunga kinati kipya na kujaza mafuta mapya ya breki, na mama yangu na gauni lake la sherehe yuko juu kwenye usukani.

"Kanyaga, mama!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia!"

"Nashikilia!"

"Usiachie mpaka niseme!"

"Nilimshikilia baba yako maisha yangu yote, nitashindwa pedeli?"

Tukazunguka magurudumu yote manne hivyo. Mafundi ujenzi wakawa wanapiga mluzi kila tukimaliza moja. Pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Nikazunguka eneo wazi, nikajaribu polepole, nikajaribu kwa mwendo, likasimama kama limeitwa jina. Ndipo nikaenda kwa mkaguzi.

Akapima taa. Honi. Usukani. Breki ya mkono. Breki za mguu akazirudia, maana hakuamini. Akapiga goti, akachungulia chini.

"Nani kafanya hii kazi?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Na mama."

Akagonga muhuri. LIMEPITA!

Nilimbeba mama nikamzungusha! Nikampigia bosi, nikapiga vigelegele kwenye simu mpaka akasema, "Nimesikia, usinitoboe sikio. Jumatatu uje na bwelasuti yako ya kazi."

Kazi nimepata, wapendwa! NIMEPATA!

Laiti stori ingeishia hapo.

Tunatoka getini kwa mkaguzi, nani amesimama? Baba. Amevaa bereti yake, na wazee wenzake wa jeshi wamemzunguka. Amekuja kuona limefeli, akakuta stika ya ukaguzi kwenye kioo. Na hapohapo, mbele ya macho yangu, nikamsikia:

"Mnaona? Niliwaambia sitalikatia tamaa! Nimelifufua!"

NIMElifufua. Eti yeye!

Wazee wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Afande, hongera, tupeleke mzunguko!"

Baba akanyoosha mkono kwangu. "Lete ufunguo, mwanangu."

Gari ni lake. Kadi ina jina lake. Mama akanibana mkono, lakini nikampa.

Akapanda. Akaweka mguu kwenye breki. Akabonyeza. Ngumu. Akabonyeza tena. Ngumu.

Kisha akanitazama.

"Umekaza zote?"

"Zote, baba."

"Zote nne?"

"Mkaguzi amepima mara mbili."

"Lakini umekaza?"

"Nimekaza."

"Washa twende, afande!" mzee mmoja akamcheka. "Unaogopa jipu lako mwenyewe?"

Mkono wake ulikuwa kwenye ufunguo. Akaurudisha pajani. Akashuka. Akalala chini na nguo zake safi, akachungulia gurudumu la nyuma kushoto. Akazunguka kulia. Akagusa, akanusa vidole. Hakukuwa na tone.

Akasimama, magoti yote vumbi.

"Leo... mafuta hayatoshi," akasema.

Tangi lilikuwa limejaa.

Hakuliendesha siku ile, na hajaliendesha mpaka leo. Alikodi gari la kulivuta, akalirudisha uani. Gari zima, lenye stika, linalowaka kwa mguso mmoja! Mama, ambaye sasa anaishi na mimi, alipita juzi kuchukua vyombo vyake. Anasema amelipandisha tena juu ya matofali.

Jana akanipigia simu.

"Mwanangu, njoo uniapie kwamba hukugusa kitu."

Nikamwambia, "Baba, niliapa siku ile."

Akakata.

Yule mchumba naye bado anatuma ujumbe, eti harusi iko palepale? Mwambieni kwanza akasome mabomba ya breki.

Ndugu zangu, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema nguo nyingine zina vyeo na vifungo vya shaba! Anayekushangilia mapema mno, mchunguze. Huenda anashangilia kuanguka kwako kabla hujaanguka.

Na wewe unayemlegezea mwenzako nati, fikiri vizuri. Yeye atakaza, ataendelea na safari. Wewe ndiye utabaki unaogopa kila gari alilolishika, kwa sababu unadhani moyo wake ni kama wako.

Ngoja nikimbie, bosi ananiita. Kuna lori limefika asubuhi hii, na mama keshakaa kwenye pedeli.