Sanduku la Mgeni wa Haidari

Nyumbani kwa Bibi Rahima, Kahororo, siku ilianza kwa ugomvi wa bafu. Hafidhi, mjukuu mkubwa, akishaingia na taulo lake, ujue watu wengine watanawia nje. Shangazi anagonga mlango, wajukuu wadogo wanalilia viatu, na majirani wawili waliokuja kuomba chumvi tu wameshakaa jikoni na vikombe vya chai mikononi, wanasimulia habari za mtaa mzima. Nasma, mwanafunzi wa darasa la sita, ndiye aliyemimina chai hiyo, akisikiliza kila neno.

Asubuhi hiyo, lakini, masikio yake hayakuwa kwenye umbea. Mwalimu Joviana alikuwa amewapa kazi ya kuandika habari ya mzee wa familia aliyefanya jambo kubwa. Insha itakayoshinda ingesomwa mbele ya wazazi siku ya mahafali.

"Wewe utaandika nini?" Hafidhi alimchokoza, maji yakimchuruzika shingoni. "Babu zetu wote walikuwa mafundi cherehani. Andika walivyopigana na sindano."

Majirani wakacheka mpaka chai ikamwagika. Nasma alinuna. Macho yake yakapanda juu ya kabati, kwenye sanduku la bati.

Habari za sanduku lile zilijulikana nyumba nzima. Mwaka 1946, askari wa Keya, yaani jeshi la Waingereza la wakati ule, alishuka melini Bukoba na sanduku hilo, akiungua kwa homa. Mzee Haidari, fundi cherehani na baba yake Bibi Rahima, alimkuta amejiegemeza ukutani kwake, akamwingiza ndani. Siku ya tatu mgeni akafariki. Alikuwa amesema mambo mawili tu: jina lake ni Datius, na kwao ni upande wa Muleba. Kwa kuwa alivaa rozari shingoni, Haidari aliwaita Wakatoliki, wakamzika kwenye makaburi yao. Kisha akatuma habari Muleba kwa wafanyabiashara. Wakarudi wakisema kina Datius wako wengi, huyo ni yupi?

Sanduku halikufunguliwa. "Hili litafunguliwa na damu yake," Haidari alisema, akaning'iniza ufunguo ukutani. Alipofariki, Bibi Rahima akashika usia huo, na kila mwezi akaenda kupalilia kaburi la mgeni wao.

Jumatano, Bibi alipokwenda kliniki, Nasma alipanda juu ya kiti akashusha sanduku, akalifungua kwa ufunguo wa ukutani. Ndani alikuta beji ya kofia, kijitabu cha kuachishwa jeshi na kifurushi cha kitambaa kilichoshonwa pembeni. Kifurushi hakukigusa. Kijitabu alikitia kwenye mkoba wa shule.

Usiku ule insha yake ilitoka kama maji ya bomba. Aliandika kwamba baba yake Bibi alikuwa askari, alivuka misitu ya Burma, akambeba mwenzake mgongoni siku mbili. Nusu alisikia redioni, nusu alitunga. Ijumaa Mwalimu Joviana akatangaza kuwa insha ya Nasma imeshinda.

"Na kijitabu chake kipo, Mwalimu," Nasma alisema, akionyesha jalada tu, kidole kikiwa kimebana kurasa.

"Siku ya mahafali utakuja nacho, wazazi wakione," Mwalimu alisema. Darasa zima likampigia makofi.

Nasma alikuwa na sababu ya kubana kurasa. Ndani yake mliandikwa: Datius Kahangwa, Mkatoliki, kijiji cha Kagoma, mke wake Renatha. Yale aliyoyatafuta Haidari mpaka akaingia kaburini, sasa yalikuwa kwenye mkoba wa kitukuu wake, katikati ya daftari la hisabati na kipande cha muhogo.

Jumamosi Bibi Rahima alimwambia, "Twende ukanishikie jembe. Magoti yangu siku hizi hayanisikii."

Kwenye makaburi Bibi aliinama kwa shida. Alipalilia kidogo, akapumzika, akapalilia tena. Halafu akasema na kaburi, kama anavyosema na jirani kupitia uani.

"Datius, huenda mwezi ujao usinione. Hawa watoto wana mambo yao. Sijui nani atakupalilia. Watu wako sikuwapata, baba, unisamehe."

Jembe likamtoka Nasma mkononi. Aliona makofi ya darasani, akaona na ule ukurasa. Akijua kabisa kwamba akifungua mdomo insha imekwisha, aliufungua.

"Bibi, anaitwa Datius Kahangwa. Kwao Kagoma. Mkewe Renatha."

Bibi Rahima akageuka polepole. "Umejuaje?"

Nasma alieleza yote: kiti, ufunguo, kijitabu, Burma, mpaka makofi. Alieleza huku akilia. Alipomaliza, Bibi alikaa kwenye nyasi.

"Miaka karibu themanini," alisema. "Sisi tulilinda kufuli, na jina lilikuwa chini yake." Alitikisa kichwa, nusu akicheka, nusu akifuta macho. Halafu sauti yake ikawa ngumu. "Jumatatu utamwambia mwalimu wako. Utasema mwenyewe, mimi nitasimama mlangoni tu."

Jumatatu Nasma alisema. Kuna wanafunzi waliocheka, na Jamali wa dawati la nyuma akauliza kama yule aliyebebwa mgongoni naye alitungwa. Mwalimu Joviana aliwanyamazisha. Alilikata jina la Nasma kwenye orodha ya mahafali, mbele ya macho yake. Kisha akavuta kiti.

"Sasa nipe hicho kijitabu," alisema. "Huyu alikuwa Mkatoliki na alikuwa na mke. Basi kanisa lazima liliandika."

Akampigia simu katibu wa parokia ya upande ule wa Muleba. Wiki nzima ikapita. Nyumbani kila mtu alikuwa na dhana yake, na majirani wa chumvi sasa walikuja bila hata kisingizio cha chumvi. Siku ya nane katibu akajibu. Kwenye kitabu cha ndoa alimwona Datius Kahangwa akimwoa Renatha, mwaka 1941. Kwenye kitabu cha ubatizo, mwaka uliofuata, alimwona mtoto wao wa kike, Kokushubila. Na pembeni ya jina la mtoto kulikuwa na wino mwingine, mwembamba: amefunga ndoa Bumbire, 1961.

"Padri aliyeandika mstari huo mdogo, Mungu amlipe," alisema Bibi Rahima. Mwalimu akamtafuta katekista wa kisiwani Bumbire, na katekista akaenda mwenyewe kugonga mlango. Kokushubila alikuwa hai.

Alikuja baada ya siku nne, mwanamke mwembamba wa miaka themanini na kitu, amevaa kitenge cha sikukuu. Walimpeleka kwanza kaburini. Alisimama, akasali, akashika udongo uliopaliliwa vizuri. Kisha wakarudi nyumbani.

Nyumba ilifurika. Shangazi alileta ndizi zinazofuka mvuke na bakuli la mchuzi wa samaki. Mgeni akanawa, akaangalia bakuli.

"Mnisamehe, waitu, ndugu zangu," alisema kwa upole. "Huyu si kamongo?"

"Ni sato, mama," shangazi alijibu. "Kwani kamongo huli?"

"Kamongo ndiye muziro wetu. Mwiko wa ukoo. Mtu wa kwetu hata akifa njaa hamgusi."

Bibi Rahima akaweka kijiko chini. "Mama yangu, aliyeitwa Nasma kama huyu mtoto," alianza, "alimpikia baba yako mchuzi wa kamongo, samaki mzuri kuliko wote waliokuwa sokoni siku ile. Baba yako akausukuma kando. Mama alikufa akiamini mgeni alidharau chungu chake. Kumbe."

"Hakudharau," alisema Kokushubila. "Alikuwa baba yangu kweli."

Akapewa ufunguo. Alifungua sanduku mwenyewe, akakata ule uzi wa kifurushi. Ndani mlikuwa na gauni jekundu la mtoto wa miaka minne, lenye kola nyeupe. Kokushubila alilikunjua, akalipima kifuani pake juu ya kitenge.

"Alichelewa kidogo," alisema. "Sasa litaniingia wapi?" Akacheka, akalia, na nyumba nzima ikacheka na kulia pamoja naye.

Kisha akamtafuta Nasma kwa macho, akamshika mikono yote miwili. "Wakora, mwanangu. Asante. Nimeishi bila kujua pa kuwasha mshumaa."

Nasma aliinamisha kichwa. "Bibi, mimi nilidanganya kwamba ni wetu."

"Hayo nimeambiwa. Asante yangu ni kwa yale uliyoyasema kaburini."

Jioni wageni walipoanza kutawanyika, Bibi Rahima alimwita Nasma jikoni.

"Kufungua sanduku la mtu ulikosea," alisema, "na kujipa sifa za marehemu ulikosea zaidi. Hilo sikufichi. Lakini angalia: jina lile likiwa kwenye mkoba wako, lilikupa makofi ya siku moja. Ulipolisema, mtu mzima kapata baba, na mama yangu kaondolewa lawama. Ukweli uliouficha haukufai wewe wala haumfai mwenye nao. Useme mapema, hata kama utakugharimu insha."

"Ndiyo, Bibi."

"Haya, mimina chai. Mama Kokushubila analala hapa leo, na kesho atapalilia na sisi. Na mwambie Hafidhi kesho asubuhi bafu ni la mgeni."