Daftari la Mto Lilikuwa la Mke Wangu

Nina miaka hamsini na miwili, naishi peke yangu katika kijiji kimoja karibu na Shelui, mkoani Singida. Wasomaji wenzangu, sikuachwa kwa ulevi wala kwa hawara. Niliachwa kwa sababu ya daftari la kupimia maji ya mto... Mtacheka, lakini mimi sicheki.

Mto wenyewe ni Wembere. Nilipewa kazi ya kusoma kipimo, yaani ubao wenye namba uliosimikwa mtoni. Unausoma asubuhi na alasiri, unaandika maji yamefika wapi. Ni kazi rahisi, ila haina sikukuu. Mwaka wa pili nikachoka. Nikaenda kuuza vitunguu kwa madereva wa malori pale Shelui, kipimo nikamwachia mke wangu, Mama Hadija.

Yeye hakuishia kwenye ubao. Alitembea hadi bwawa la chini, mahali maji yanapobaki kiangazi, akaandika nyasi zilivyo, ndege waliofika, kambare walioonekana. Siku nyingine alichora kiduara pembeni. Sikuwahi kumuuliza maana yake. Mwisho wa mwezi nilitia sahihi yangu tu, basi.

Ndipo wakaja wataalamu. Walikuwa wanapanga namna ya kuufuatilia mto mzima kwa miaka mingi: maji, samaki, ndege, malisho, na wapi pa kupimia. Daftari letu liliwashangaza. Mkutano ukaitishwa kijijini, kiongozi wao akauliza nani aliyeandika. Mke wangu alikuwa amekaa na kina mama wenzake, hatua chache tu kutoka nilipokuwa... Nikasema ni mimi.

Akaniuliza vile viduara ni vya nini. Nikasema ni siku za upepo mkali. Sijui uongo ule ulinitokaje! Nilimtazama Mama Hadija, akainamisha macho. Kwetu mke hamsahihishi mumewe mbele ya wageni, na mimi nililitegemea hilo.

Jioni aliniambia kwa upole kwamba viduara vilikuwa siku ambazo maji ya bwawa yaligeuka kijani na kunuka, samaki wakaja juu kutafuta hewa, na ndama waliokunywa wakaharisha. Hakudai jina lake litajwe. Aliniomba kitu kimoja tu: asubuhi, kabla wageni hawajaondoka, niwaambie wasiliache bwawa nje ya mpango.

Nikakataa. Nikamwambia wataniona mwongo. Kwani sikuwa mwongo?

Kesho yake wageni wakaondoka, na bwawa halikuwemo kwenye ramani yao. Alasiri Mama Hadija naye akapanda basi kwenda kwao Ikungi.

Nyumba ikawa kubwa... Nilisonga ugali wa mtu mmoja na bado ukabaki. Nilikuwa naongea na redio. Kiangazi kilipokaza, kambare walielea bwawani na jirani yangu akapoteza ndama wawili. Alikuja kuniuliza mimi, mjuzi wa mto, kulikoni.

Nikaenda Ikungi. Nilimwamkia baba mkwe, akaitikia marahaba, akatuacha wawili. Mke wangu aliniletea maji ya kunywa, kisha akauliza, "Baba Hadija, umewaambia habari za bwawa?"

Nikasema bado.

"Basi bado hujaja," akasema, akaingia ndani.

Nikawatafuta wataalamu, nikaungama mbele ya watu walewale wa kijiji. Aibu niliyoipata naijua mwenyewe. Bwawa wakaliingiza kwenye mpango, mimi wakaniachia ubao wa zamani. Lakini bwawani walimtaka aliyechora viduara. Wakamfuata Ikungi, akaikubali kazi. Kurudi kwangu alikataa. Amepanga chumba ng'ambo ya pili ya mto.

Siku hizi vipimo tunatuma kwenye kundi la simu. Kila asubuhi naona ujumbe wake: "Bwawa, maji safi, korongo wengi." Nausoma mara tatu, nne. Hamna salamu ndani yake. Nami natuma wangu.

Ninyi wenye wenza, nawasihi... Kazi ikiwa ya mwenzako, litaje jina lake siku ileile, watu wakiwa bado wamekaa. Mimi nililitaja nimechelewa, na sasa nalisoma kwenye simu kama mtu baki.