Chuma cha Anjera cha Mama Khadijo

Kila asubuhi Ubah huswali, kisha huwasha jiko la makaa uani. Yeye na mumewe, Abdiwali, wanaishi Garissa, karibu na soko la mifugo. Abdiwali haendi sokoni kabla ya kula anjera tatu, mikate myembamba ya rojo la unga, na kunywa chai ya maziwa. Anjera hizo hupikwa juu ya chuma kizito cha mviringo, cheusi kama mkaa. Chuma hicho ni cha mama mkwe wa Ubah, Mama Khadijo, anayeishi nao.

Khadijo alipewa chuma hicho na mama mkwe wake alipoolewa. Kwa miaka thelathini hakumruhusu mtu mwingine kukitumia. Mwezi uliopita alikwenda Takaba kumuuguza dada yake. Siku ya kuondoka alimwita Ubah.

"Nakuachia chuma changu," alisema. "Nikirudi nikakikuta kizima, jiko litakuwa lako."

Jumatatu habari njema zilifika. Dada yake Khadijo alikuwa amepona, na Khadijo angerudi Jumatano. Ubah alitaka mama mkwe akute kila kitu kinang'aa. Alikung'uta mazulia na kufua mapazia. Mchana alipika nyama kwa nyanya na ndimu juu ya chuma kile. Baadaye alikitazama kwa makini.

"Uchafu wa miaka thelathini," alijisemea.

Alikisugua kwa mchanga, sabuni na waya wa kuoshea sufuria, mpaka kikawa cha kijivu. Kisha akakiloweka katika karai la maji hadi asubuhi.

Jumanne chuma kilikuwa na kutu kila mahali. Ubah alikifuta, akamimina rojo la anjera. Anjera iligandamana na chuma. Aliibandua vipande vipande.

Abdiwali aliitazama sahani yake. "Anjera hii imepigana na nani?"

"Usinichekeshe. Mama anafika kesho, nami nimekiharibu chuma chake."

Abdiwali aliacha kucheka. "Mwite Arbia," alisema.

Arbia ni jirani yao. Yeye hupika anjera katika hoteli moja mjini. Ubah alimweleza alivyopika na alivyokisugua. Arbia alikigeuza chuma huku na huku.

"Nani alikuambia ukisugue hivi, abaayo, dada yangu?"

"Hakuna. Usafi ni sehemu ya imani, dada."

"Ni kweli. Lakini weusi ule haukuwa uchafu. Yalikuwa mafuta yaliyoungua na kushikana na chuma. Hayo huzuia kutu, na huzuia chakula kuganda. Ndimu na nyanya ziliyalainisha, nawe ukayamaliza kwa waya."

Ubah alishika shavu. "Basi kimekufa?"

"Chuma cha kusubu, kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, hakifi kwa kutu. Kingepasuka, ningekupa pole. Lete kitambaa, na mafuta ya mkia wa kondoo yasiyo na chumvi."

Walisugua kutu yote, wakakiosha chuma, wakakikausha papo hapo juu ya makaa. Ubah akachota kijiko kizima cha mafuta.

"Unataka kukikaanga?" Arbia alimwuliza. "Paka kidogo sana, pande zote. Sasa futa, kana kwamba uliyapaka kwa makosa. Mafuta mengi hunata."

Walikipasha moto mpaka moshi ukatoka, kisha ukakoma. Wakakiacha kipoe. Walirudia hivyo mara nne. Kila mara chuma kilizidi kuwa cheusi.

"Na nikimaliza kupika?" Ubah aliuliza.

"Kifute kikiwa na joto. Chakula kikiganda, tumia maji ya moto na brashi. Kikaushe juu ya jiko, kisha upake mafuta kidogo. Usikiloweke kamwe. Usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto, kitapasuka. Na nyanya zako zipikie kwenye sufuria."

Jioni Ubah alichanganya unga wa ngano, unga wa mtama, hamira na maji vuguvugu. Rojo lilikaa likaumuka.

Jumatano mchana Khadijo aliingia moja kwa moja uani, penye jiko, vumbi la safari likiwa bado kwenye buibui lake. Alipitisha kiganja juu ya chuma.

"Hiki kimebadilika," alisema.

Ubah alimweleza yote, tangu ndimu hadi kutu. Hakuficha neno. Khadijo alivua buibui, akaketi kando ya jiko.

"Mwaka wangu wa kwanza nami nilikisugua hivyo hivyo," alisema. "Mama mkwe wangu alininyima salamu siku tatu. Mimina, mwanangu. Nina njaa."

Ubah alimimina upawa mmoja wa rojo katikati, akalizungusha kuelekea ukingoni, akafunika. Vitundu vilijaa juu ya anjera. Kingo zikainuka zenyewe. Khadijo aliikunja, akaila yote, akasogeza sahani.

"Weka nyingine."

Asubuhi iliyofuata, Khadijo aliswali, kisha akarudi kulala. Ubah alipika anjera kumi na mbili. Hakuna hata moja iliyoganda.