Wito wa Kwanza

Haya yalimpata Kaliroi, mjane wa Pandelis, Februari ile, meli kutoka Pireo, bandari ya bara, ilipokuwa ikifika kisiwani mara moja kwa wiki, na wiki nyingine isifike kabisa.

Alishuka peke yake. Hoteli za bandarini zilikuwa zimefungwa, viti vimepandishwa juu ya meza na kufunikwa turubai. Paka waliozoea kulishwa na wageni wakamfuata ngazi za mawe mpaka juu. Nyumbani alimkuta jirani yake, Bibi Maruso, ameshawasha jiko la kuni na kubandika supu ya maharage.

"Wenye akili zao huja Agosti, wakati wa joto," kikongwe akamtania. "Wewe unakuja kunusa unyevu."

Kaliroi akacheka kidogo. Kisha akamweleza, bila kuzunguka, kilichomleta. Kesho ilikuwa inatimia miaka miwili tangu Pandelis afe, naye alikuja kukaa nyuma ya mlango wa nyumba hiyo ili safari hii amwitike.

Bibi Maruso akaacha kukoroga.

Kisiwani pale hakuna anayeitika wito wa kwanza. Mtoto hufundishwa hivyo kabla hajajua kufunga viatu: aliye hai ataita tena, aliyekufa huita mara moja tu, na anayemwitika humfuata kabla siku haijaisha. Ndiyo maana wenyeji huitana mara mbili mbili, hata dukani. Miaka miwili nyuma, saa saba mchana, Kaliroi alikuwa anakanda unga aliposikia jina lake nje. Ilikuwa sauti ya mumewe, imekwaruza kidogo. Akasubiri ya pili, mikono ikiwa ndani ya unga. Haikuja. Alipofungua, Pandelis alikuwa amelala kizingitini, mkono mmoja kifuani. Daktari alisema dakika tano tu zingemwokoa.

"Mwanangu," Bibi Maruso akanong'ona, "ukiitika, hutarudi Pireo."

"Najua, bibi. Sikukata tiketi ya kurudi."

Kesho yake alisogeza kiti karibu na mlango tangu asubuhi. Upepo ulitikisa madirisha. Chini kule bahari ilikuwa ikinguruma. Alikuwa na neno moja tu, akalirudia kama mtu anayekariri: nipo. Nipo. Nipo.

Saa sita ikapita.

Upepo ukakata ghafla. Paka wakanyamaza.

"Kaliroi."

Mara moja. Chini kabisa, karibu na sakafu.

Ilikuwa sauti yake. Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ya mtu aliyechoka, mtu anayeomba maji.

Akafungua kinywa. Neno lilikuwa pale, ulimini. Nywele zikamsimama. Akamkumbuka binti yake kule Pireo, na mjukuu anayetarajiwa Aprili. Akakumbuka kahawa ya asubuhi, kitu kidogo kama hicho.

Akauma meno.

Akasubiri ya pili.

Nje, kitu kikahema. Kikakwaruza mbao, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Kikatulia.

Haikuja.

Hapo ndipo alipoufungua mlango kwa mikono miwili. Jua la baridi lilijaa kwenye ngazi. Hapakuwa na mtu.

"Nipo," akasema. "Nipo, Pandelis. Nipo."

Aliziambia ngazi tupu. Dirishani ng'ambo ya kichochoro, Bibi Maruso alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa chake cheusi.

Kwenye mbao, upande wa nje, usawa wa goti, palikuwa na alama ya kiganja, mbichi kama ya jasho, vidole vimetanuka. Mawe yalikuwa baridi. Kitasa kilikuwa baridi. Kaliroi akapiga magoti, akaigusa ile alama.

Ilikuwa na joto.

Akaegemeza shavu lake pale, akabaki hivyo, mpaka mbao ikapoa.