Mstari Mdogo

Jua lilikuwa linazama Lusia alipofika kwa Mzee Mayala, nje kidogo ya Segese, kufuata kifaa cha zahanati. Yeye ndiye muuguzi aliyembandika mzee nyaya kifuani jana jioni, moyo wake urekodiwe siku nzima. Alitaka kuwahi kurudi kupumzika. Mimba mbili zilikwishamharibikia, na hii ya tatu, ya miezi minne, alikuwa amemwambia mumewe tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kifaa kipo duarani," alinong'ona.

Duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa nyuma ya nyumba, na tangu masika halikutoa hata punje. Mganga alimwambia lipewe moyo unaodunda. Wenzake wangechinja mbuzi. Mayala, kwa ubahili wake usio na haya, alibandua nyaya kifuani akazibandika kwenye mwamba wa chini.

"Si mapigo yamo humo?" alijitetea.

Lusia alisonya, akaenda kuvuta mwenyewe kamba iliyofungiwa kifaa. Wachimbaji hukataza mjamzito kusogelea duara. Kwake huo ulikuwa upuuzi mtupu.

Harufu ilitangulia... Aliijua kutoka chumba cha kujifungulia. Kondo la nyuma lililooza.

Kifaa kilitoka kimelowa ute wa kijivu, mzito, wenye nywele. Vibandiko vilikuwa vimeota ngozi laini. Ngozi ya uvuguvugu! Ute ulimwingia chini ya kucha, akatapika mpaka nyongo.

Alifuta kioo kwa pindo la kitenge. Mistari miwili ilikuwa inapita, mmoja mkubwa wa polepole, mwingine mdogo, wa mbio.

"Mzee... nani yuko chini?"

"Hakuna mtu."

Alijishika kifundo cha mkono. Mstari mkubwa ulipanda kila mshipa wake ulipopiga.

Mayala alichungulia kioo, kisha akamtazama tumbo. Akarudi nyuma.

"Mayu, mama! Kumbe mmekuja wawili. Mbona hukusema?"

Lusia alibonyeza kitufe cha kuzima. Hakikuzimika. Alinyofoa nyaya, na ile ngozi ikachanika ikitoa usaha. Mistari iliendelea.

Kisha mstari mdogo ukaanza kuchoka.

"Hapana," alinong'ona, mikono yote miwili tumboni. "Huyu hapana..."

Ukanyooka.

Halafu kule chini, gizani, kitu kikaanza kudunda. Kidogo. Kwa mbio.