Kalamu Nyekundu ya Mwalimu Fulgence

Walikutana kwenye mitumba ya soko kuu la Songea, Juni ya baridi kali mwaka 1994, kila mmoja ameshika mkono wa koti moja la kijani.

"Hili la kike, kaka," Lidwina alisema.

"Basi livae, dada, nipate kulitazama vizuri."

Alilivaa huku akicheka. Fulgence alikuwa mwalimu wa Kiingereza cha jioni, na wiki hiyo hiyo Lidwina akajiandikisha. Sababu alikuwa nayo: gesti mpya alikopokea wageni ilikuwa imeanza kupata Wazungu. Kwamba mwalimu alikuwa na sauti tamu, hilo hakumwambia mtu.

Jumatatu moja Fulgence aliandika ubaoni "turn down".

"Hili lina kazi nyingi kuliko mama mwenye nyumba," alisema. "Unapunguza sauti ya redio. Unakunja shuka mgeni apate kulala. Unakataa ombi la mtu. Kila maana, sentensi moja."

Nyumbani Matogoro, Lidwina aliitafuna kalamu. Jumapili baada ya misa wazee wa Hironimus wa Madaba wangeleta posa, na mama alishamtenga jogoo. Ya redio aliandika, ya shuka pia. Ya tatu ilisema: atamkataa Hironimus, mwalimu akisema neno moja tu.

Daftari lilirudi na vema tatu nyekundu. Chini yake: "Tisa kwa kumi. Umesahau nukta."

Lidwina aliumia, darasani hakurudi. Jumamosi asubuhi simu ya gesti ikalia.

"Lidwina, mbona umetutupa?"

"Sentensi yangu ya tatu ilisemaje, Mwalimu?"

"Ilikuwa sahihi."

"Nimekuuliza ilisemaje."

"Madaftari yalikuwa arobaini, mama. Nilisahihisha, sikusoma."

"Basi njoo usome."

Alifika gesti akihema, shati limefungwa vifungo kombo. Lidwina, ndani ya koti lake la kijani, alimsukumia daftari. Mwalimu alisoma mara mbili, akaketi.

"Neno moja tu?"

"Moja."

"Nakupenda."

Furaha ilimjaa Lidwina hadi machozi yakamlengalenga. Akachomoa kalamu nyekundu mfukoni mwa mwalimu, akamwandikia kiganjani: tisa kwa kumi.

"Moja imekwenda wapi?"

"Anayo mshenga. Afike kwetu leo, jogoo akiwa bado hai."

Fulgence alitoka mbio kumtafuta baba yake mdogo, Pankrasi. Lidwina akapunguza sauti ya redio ya gesti, apate kusikia viatu vyake vikikimbia.